Divai ya Chuma

Kitu cha kwanza alichokiona Gavina kilikuwa vifundo vya vidole vyake. Alikuwa akiosha vyombo bega kwa bega na mama yake, mikono minne ndani ya karai moja, na ile miwili ya mama ilikuwa myeupe kama unga uliochekechwa. Yake ilikuwa na rangi ya majivu yaliyolowa, na kwenye vifundo rangi ilikolea zaidi. Huo ulikuwa mwezi wa Februari. Jua la kumchoma mtu lilikuwa halijaonekana Sardinia tangu Oktoba.

"Mtoto ameshika rangi!" alisema jirani yao Rafaela, aliyekuja kuazima ungo. "Umetoka ufukweni lini, wewe? Na sisi hukutualika?"

Bibi Bonaria alicheka, akaelekeza kidole kwenye chupa iliyokuwa rafuni. "Ufukwe wake ule pale."

Ilikuwa divai ya chuma, nyeusi, chungu kama nyongo. Gavina alinyweshwa kijiko kimoja kila asubuhi. Kwa bibi yake ugonjwa wa damu aliozaliwa nao Gavina haukuwa na fumbo: damu ya mjukuu ni nyepesi, na damu nyepesi inataka chuma. Ndiyo maana kila Jumamosi alikwenda mwenyewe kwa Priamo, muuza nyama ya farasi, akarudi na pande, akalipitisha motoni kidogo tu na kitunguu saumu, likafika mezani bado linavuja. Kijiji kizima kiliwalea hivyo watoto wenye nyuso za nta, na wengine walipona kweli.

Gavina alikula. Shule aliiacha darasa la tatu kwa sababu ya safari za hospitali ya Cagliari kuongezewa damu, na tangu hapo hakuzoea kubishana na mtu.

Lakini vile vidole vilimkera. Safari iliyofuata, mfuko wa damu ukining'inia juu ya kichwa chake, alimwonyesha daktari. Daktari akaishika mikono yake, akaigeuza.

"Nyumbani unakunywa nini?"

Alimwambia, macho yake yakiwa kwenye shuka.

"Divai ya chuma? Binti, wewe hujapungukiwa chuma hata chembe. Damu yako inavunjika kabla ya kukomaa, ndiyo maana tunakuongezea ya watu wengine. Kila mfuko unaingia na chuma chake, na mwili haujui pa kukitolea. Kinalala kwenye ngozi, kwenye ini. Kikifika moyoni..." Akaiachia mikono yake. "Ile pampu ya dawa tuliyokupa kazi yake ni kukichota. Sasa wewe unachota, huko nyumbani wanamwaga ndani. Na haya yote nilimweleza mama yako wakati wa kaka yako."

Kaka yake, Antioco, mwenye ugonjwa huohuo, alikufa akiwa na miaka kumi na sita, moyo umevimba. Nyumbani ilisemwa kwamba alikosa damu.

Gavina alimkuta mama yake akikanda unga.

"Mama, ulijua?"

Mama hakugeuka. "Funga mlango kwanza."

Akaufunga.

"Daktari alisema mwishoni," mama alisema. "Na pampu zenyewe zilikuwa hazijafika. Angekwenda tu, hata bila vijiko vya bibi yako."

"Hivyo ndivyo alivyosema daktari?"

Mama akalibwaga donge mezani. "Usinihoji! Bibi yako alimlea yule mtoto mgongoni kwake. Alimnywesha kwa mkono wake mwenyewe. Nikamwambie nini, nimzike na yeye? Wewe weka mdomoni, kisha katemee uani. Kwa ajili ya mzee, hilo nalo linakushinda?"

Akawa anatema nyuma ya banda la kuku. Lakini bibi alikuwa na macho makali kuliko wote mle ndani. Kabla ya Pasaka akaanza kumkalia mbele, kijiko mkononi, na hakuondoka mpaka mjukuu amemeza na kusema, "Asante, Bibi." Vifundo vilizidi kuiva. Kupanda ngazi za kanisa kukaanza kumkata pumzi.

Siku ya misa ya kumkumbuka Antioco waliketi mezani wote, na Rafaela pia. Bibi akaleta chupa, na safari hii kijiko cha supu.

"Leo kikubwa," alimwambia Rafaela. "Yule marehemu nilimpimia, Mungu anisamehe. Nilimpa kidogo, chuma kikamwishia. Huyu simpimii."

Rafaela akafuta machozi. "Bonaria, wewe utaingia peponi na viatu vyako."

Chini ya meza mguu wa mama ukaukanyaga wa Gavina, ukakandamiza.

"Fungua kinywa, roho yangu," bibi alisema. Mkono wake wa uzee ukakisogeza kijiko bila kumwaga tone.

Gavina akafungua kinywa.

"Antioco hakuishiwa chuma, Bibi. Kilimjaa mpaka moyoni. Na Mama anajua."