Mbele Bila Bunduki

Nyati hana kesi na mtu mpaka mtu amfungulie. Huyu alikuwa dume mzee, ncha za pembe zimelika, kundi limeshamtema, na hapa duniani alikuwa anataka kitu kimoja tu: maji. Maji yenyewe aliyapata pembeni mwa mji, nyuma ya nyumba ya pampu, ambako bomba lilikuwa linavuja tangu kiangazi kianze. Fundi wa pampu alilijua, ofisi ililijua, kila mtu akamwachia mwenzake. Spana moja ingetosha. Lakini ndivyo tulivyo binadamu, tundu dogo tunalitazama mpaka apite nyati.

Mwindaji wa ofisi ya wanyama siku hiyo hakuwepo. Alikuwa amekwenda mashamba ya mbali kufukuza nguruwe pori kwa bunduki ndogo, ile kubwa ameiacha kabatini. Watu walimwita Taratibu, kwa kuwa neno hilo ndilo alilomwambia kila mtu mwenye haraka, hata bwana harusi. Aliporudi saa nne asubuhi, vumbi mpaka kwenye kope, alikuta mji umesimama nje ya milango, na dada yake anamngoja kwenye kibaraza cha ofisi, khanga imekazwa kiunoni.

"Kaka, shemeji yako kampiga nyati," alisema. "Kampiga, na hajaanguka."

Mume wa dada ndiye aliyeitwa Sajini. Alikuwa amerudi kutoka vitani miaka mingi nyuma na nishani moja, aliyoipata kwa kumbeba mwenzake aliyejeruhiwa na kuvuka naye daraja huku risasi zinalia. Hilo lilikuwa kweli tupu. Ila kinyozi, ambaye kibanda chake ndicho kilichokuwa bunge la mji, aliipenda mno habari ile, na kila alipoisimulia majeruhi walizidi. Mwaka huu walikuwa wamefika watatu, na daraja limekuwa refu. Mwenyewe Sajini, akiwa na povu kidevuni, alinyamaza. Mtu mwenye wembe shingoni kwako humkatizi.

Kwa hiyo nyati alipoonekana, watu hawakumngoja Taratibu. Walikwenda kwa kinyozi, wakamkuta Sajini kitini.

"Mzee wa daraja! Kazi yako hii!"

"Mimi si mwindaji," alisema Sajini.

"Risasi hukuogopa, utaogopa ng'ombe wa porini?"

Mkuu wa ofisi naye, kijana mpya aliyependa kuonekana anatenda, akafungua kabati akampa bunduki. Watu wakafuata nyuma kama wanakwenda mpirani. Sajini alipiga mara moja. Nyati akajikunja, akakohoa, akaingia kwenye majani marefu, na huko ndiko aliko mpaka sasa, karibu na njia wanayopita akina mama kwenda kuchota maji.

Taratibu alisikiliza yote bila kuketi. Kisha akauliza, "Shemeji yuko wapi?"

"Yuko pampu, anangoja urudi mwingie pamoja. Nimemkatalia, anasema aliyejeruhi ndiye anayemaliza." Dada alimshika kaka yake mkono. Alikuwa mwanamke wa sala, si wa makelele, na macho yake yalikuwa makavu. "Nirudishie mume. Jina lake mkishindwa kulibeba, liacheni huko huko porini. Jina halilali na mtu kitandani."

Taratibu aliitikia kwa kichwa tu, kwa kuwa yapo mambo aliyokuwa anayajua na hakuwahi kumwambia hata dada yake. Mwindaji kazi yake ni kutazama, na jicho lililozoea halijui kupumzika mtu akiwa nyumbani kwa watu. Aliona Sajini, aliyefundishwa kujinyoa gizani kwa maji baridi, sasa ananyolewa na kinyozi. Watu walisema ni ukubwa. Aliona pia kwamba dada, akimimina chai, vikombe vyote hujaza, cha mumewe hufikisha nusu. Alijua mkono wa kulia wa shemeji yake unatetemeka. Mtetemo huo ulikuja naye kutoka vitani kama nishani, ila huo haukuvaliwa kifuani.

Alimkuta Sajini amekaa juu ya bomba kuukuu, bunduki magotini. Mkuu wa ofisi alikuwa anazunguka zunguka, na watu wamejipanga kwenye ukuta wa pampu. Wengine walikuwa wamebeba watoto.

"Taratibu kafika!" kinyozi alipiga kelele. "Sasa tutaingia mwakani!"

Watu wakacheka. Taratibu aliinama penye damu ya kwanza, akaigusa kwa kidole, akanusa. Damu nyeusi, na ndani yake vipande vya majani yaliyotafunwa. Tumbo. Moyo ukamwuma, kwa sababu mnyama wa risasi ya tumbo anateseka kutwa nzima, na kiumbe wa Mungu hana mdomo wa kusema panamwuma wapi.

"Mkuu," alisema, "waondoe watu hawa, ufunge njia ya maji juu na chini. Nyati akitoka hapo hatauliza nani alikuja kutazama."

"Na nyinyi mnaingia sasa hivi?"

"Sisi tunakaa."

"Mnakaa?"

"Akifuatwa jeraha likiwa bichi atakimbia na hasira. Akiachwa atalala, mwili utaganda. Taratibu, mkuu."

Wakabaki wawili, wameegemea ukuta wa pampu, kivuli kinawapungukia. Halafu Taratibu akachomoa risasi mfukoni akamnyooshea shemeji yake, kama mtu anayempa mwenzake njugu. Sajini akaipokea kwa mkono wa kulia. Risasi ikacheza kwenye vidole, ikaanguka mchangani.

Hakuna aliyeiokota.

"Umenitegea," Sajini alisema.

"Nimekutegea."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu ulipoacha kujinyoa."

Sajini alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Shemeji, nilitaka kuwaambia pale kwenye kiti. Wallahi neno lilifika hapa." Akagusa koo. "Lakini wote wale wananitazama, wananiita mzee wa daraja. Ni rahisi kumwogopa nyati kuliko kumwogopa kinyozi. Nyati anaua mara moja."

Taratibu alitaka kucheka, akashindwa. Alikuwa anaogopa pia, na hofu yake ilikuwa na sura ya dada yake akirudi peke yake kutoka makaburini.

"Basi sikiliza," alisema. "Kumfuata nyati aliyejeruhiwa ni kazi ya watu wawili. Mmoja anafuata damu, macho yake yako chini, mbele haoni. Mwingine anashika bunduki, macho yake yako juu, chini haoni. Wa damu anatangulia, wa bunduki anafuata nyuma yake. Mtafutaji wangu wa zamani miguu imemwisha, na mwingine sina."

Sajini alitazama bunduki magotini mwake kwa muda mrefu. Ingekuwa rahisi kusema, bunduki nibaki nayo mimi niliyejeruhi. Taratibu aliliona neno hilo likipanda usoni mwa shemeji yake, na akaomba kimoyomoyo, Mola lishushe. Maana Sajini angelisema, yeye angemkatalia, na kukataliwa huko wasingekusahau wote wawili.

Sajini akainua bunduki kwa mikono miwili, akampa.

"Nitatangulia. Huko vitani nimetembea kwenye mabomu ya kutegwa, kutazama chini ndiko ninakokujua. Mikono yangu sitaihitaji."

"Nikisema kitu, hutauliza kwa nini."

"Mimi ni askari," alisema Sajini, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilikaa sawa.

Wakaingia. Majani yalikuwa yanapita kifua, makavu, yanasema kila ukiyagusa. Sajini alitangulia ameinama, mikono mitupu, hana hata fimbo. Tone hapa, alama ya ubavu pale, jani lililopindwa likiwa limepakwa weusi. Hakukosea hata mara moja. Taratibu alikuwa nyuma yake, macho juu, anatazama mgongo wa shati la shemeji ukilowa jasho, na anatazama kila kichaka kilicho mbele ya mgongo ule. Alikuwa amewinda na watu wengi wenye bunduki nzuri na kofia nzuri. Kumwona mtu anakwenda kuelekea nyati aliyejeruhiwa akiwa mikono mitupu, kwa kumwamini tu aliye nyuma, hilo lilimfanya akaze kitako cha bunduki begani kuliko siku zote.

Walifika mahali nyati alipolala. Majani yalikuwa yamelala, damu imejaa, lakini mwenyewe hayupo. Sajini akanyoosha kidole: alama zinaendelea mbele, moja kwa moja.

Hapo ndipo Taratibu aliposikia ndege. Wale wadogo wanaompanda nyati mgongoni kumla kupe. Walilia, lakini hawakulia mbele. Walilia kushoto, hatua chache tu kutoka kwa Sajini. Nyati alikuwa amekwenda mbele, akazunguka, akarudi kukaa kando ya alama zake mwenyewe, akiingoja harufu ya watu ipite.

Majani yakapasuka.

Alikuja amenyoosha pua, na baina ya bunduki na nyati alisimama baba wa watoto pacha wa dada yake.

"Lala!"

Mtu mwingine angegeuka atazame. Mtu mwingine angekimbia, na angekimbilia hapo hapo risasi inapopita. Sajini alianguka kama kamba iliyokatwa, kifudifudi, mikono kichwani, na juu ya mgongo wake njia ikawa wazi. Taratibu akapiga. Nyati akaja tu. Akapiga tena, chini ya pale pembe mbili zinapoungana, na mnyama akapiga magoti, akateleza na uzito wake wote, akatulia na pua karibu ya soli ya kiatu cha Sajini.

Vumbi. Ndege wakaondoka.

Kutoka chini kwenye majani sauti ikauliza, "Niinuke, afande?"

"Inuka, shemeji," alisema Taratibu, akakaa chini mwenyewe.

Walikaa pale mpaka pumzi iliporudi. Sajini alimwekea nyati kiganja kwenye paji la uso, kiganja kile kile kinachotetemeka. "Nisamehe, mzee mwenzangu," alisema. "Ulikuja kunywa maji tu."

Walipokaribia kutoka, Taratibu alifanya jambo ambalo lilitokana na huruma, ingawa halikuwa la busara. Alivua bunduki begani akampa shemeji yake. Risasi mbili zimesikika, nani amepiga hakuna aliyeona. Sajini akaivaa. Alitembea nayo kidogo, akasimama, akairudisha.

"Nzito?"

"Hapana. Lakini nikitoka nayo leo, kesho wataniletea tembo."

Nje watu walikuwa wamesharudi ukutani kama hawakufukuzwa. Mkuu wa ofisi alikuwa mbele, mikono juu. "Sajini! Sajini kamwangusha!"

"Aliyemwangusha ni huyu," alisema Sajini, kwa sauti ya kufika mpaka nyuma. "Mimi nililala chini. Asubuhi nilimpiga vibaya kwa kuwa mkono huu unatetemeka, haufai kwa bunduki. Mnauona?" Akaunyoosha mbele ya watu wote, akauacha utetemeke.

Hakuna aliyejua aangalie wapi. Mama mmoja aliinua khanga akafuta macho. Kinyozi ndiye aliyepata ulimi kwanza, na, haki yake tumpe, hakuutumia vibaya.

"Na leo majeruhi wangapi, mzee wa daraja?"

"Mmoja, kinyozi. Hata wakati ule alikuwa mmoja."

"Mmoja?" Kinyozi alijishika kiuno. "Mimi nimejeruhi wawili bure!"

Ukuta mzima ukaangua kicheko, na Sajini alicheka nao. Fundi wa pampu, aliyekuwa amejificha nyuma ya watu, aliteleza polepole akaingia ndani. Baada ya kitambo ilisikika sauti ya spana. Bomba likaacha kuvuja.

Dada hakutoka kuwalaki. Alikuwa jikoni, kwenye kiti kifupi, na alipowaona wote wawili mlangoni alifumba macho kidogo, midomo ikacheza, kisha akainuka kushughulika na birika kana kwamba wametoka sokoni.

"Kaeni. Mnanuka porini."

Aliweka vikombe vitatu mezani. Akajaza cha kaka yake. Akajaza chake. Cha mumewe akafikisha nusu, akainua birika.

"Jaza, Mama Pacha," alisema Sajini.

Mkono wa dada ulisimama hewani. Alimtazama kaka yake, na Taratibu akatazama kikombe chake mwenyewe. Hapo dada akajua kwamba siri aliyoilinda kwa kila kikombe cha kila asubuhi haikuwa siri tena, na kwamba hakuna aliyekufa kwayo. Akamimina mpaka ukingoni.

Sajini akakiinua. Chai ilimwagika kwenye vidole, ikamwagika mezani, ikakilowesha hata kitambaa kipya. Hakukiweka chini. Alikifikisha mdomoni, akanywa kilichobaki, akapumua kama mtu aliyetua mzigo.

"Ongeza."

"Ongeza wapi? Nusu umeinywesha meza!" alisema dada, na machozi yalikuwa yanamtiririka huku anacheka. "Sukari yenyewe ndiyo hiyo."

"Taratibu, dada," alisema kaka yake. "Mmiminie."

Akammiminia.