Kijiti Kilichotupwa Matsangoni

Mastura hakumpenda Nyaboke tangu siku ya kwanza, na Nyaboke hakumpa sababu ya kubadili nia.

Nyaboke alikuwa mwalimu wa michezo kutoka bara, aliyehamishiwa Malindi mwaka huo wa themanini na sita. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuunda timu ya wanawake ya mji kwa mbio za miji za kupokezana kijiti, kutoka Malindi hadi kivukoni Kilifi. Walitakiwa wakimbiaji watatu: wa kwanza aishie Gede, wa pili aukate msitu mpaka Matsangoni, wa tatu amalizie kwenye maji. Easter, binti wa wakulima wa Marafa, mwenye miguu mirefu na maneno machache, alichukuliwa bila kujaribiwa. Nyaboke alijichukua mwenyewe. Nafasi iliyobaki alikuwa ameshamwekea rafiki yake Jedida, mpaka Mastura, mshonaji wa mtaa wa Shela, alipotokea uwanjani na suruali pana, shati la mikono mirefu na mtandio uliokazwa kisogoni, akaomba naye apimwe.

"Vua kwanza hayo mapazia," Nyaboke akamwambia mbele za watu. "Hapa tunakimbia, hatuendi harusini."

"Mie ntakimbia nayo," Mastura akajibu. "Mwambie rafikiyo aangalie asiyakanyage."

Jedida hakupata nafasi ya kuyakanyaga. Aliuona mgongo wa Mastura kwa kitambo, na baadaye hata mgongo hakuuona tena.

Basi mazoezi yakawa vita. Nyaboke alimrudisha Mastura mwanzo kwa kila kosa, la kweli na la kubuni. Alipompa kijiti alimchapa nacho kiganjani mpaka ngozi ikawaka. Mastura naye, ilipokuwa zamu yake kukirudisha, alikirudisha kwa nguvu ile ile. Easter alijifanya anafunga viatu ambavyo vilikwisha kufungwa.

Nyaboke alipoona hamwezi uwanjani, akamwendea nyumbani. Baba yake Mastura alikwisha kufariki, na mkubwa wa nyumba alikuwa kaka yake, Msellem, fundi wa baiskeli. Nyaboke akamweleza kwa sauti ya upole kwamba dada yake hubaki nyuma baada ya mazoezi, akichekeshana na madereva wa malori. Hapakuwa na dereva wala kicheko. Msellem alimngojea dada yake uso umemkunjamana, akasema mbio basi. Mastura akakataa. Walitupiana maneno hadi majirani wakafunga madirisha, na mwisho Msellem akaamua: atakimbia, lakini yeye atamfuata.

Tangu hapo, kila alfajiri Mastura alikimbia njia ya Magarini na kaka yake nyuma kwa baiskeli, kama askari na mfungwa wake. Watu walioteka maji walisimama wakacheka. Kila aliposikia mnyororo ukikwaruza nyuma yake aliongeza mwendo, na hasira ile ikamzidishia pumzi.

Siku ya mbio Mastura, aliyepewa kipande cha mwisho, alisimama Matsangoni tangu asubuhi, jua likimchoma utosini. Ubavuni mwake alisimama Priscilla wa Kilifi, mwanamke wa makamo aliyemsabahi vizuri. Msellem alikuwa ng'ambo ya barabara. Mkimbiaji wa Kilifi alitokea mbele, Priscilla akapokea, akaondoka. Nyuma yake kidogo tu akaja Nyaboke, mdomo wazi, miguu ikimpepesuka.

Mastura akaanza kukimbia polepole, mkono ameunyoosha nyuma. Akageuza uso. Macho yao yakakutana, na kijiti kikapita kando ya kiganja chake, juu, kikaangukia mbali kwenye nyasi ndefu.

Nyaboke akapiga kelele kwamba Mastura amekidondosha, kisha akaketi barabarani asitikisike. Mastura akaingia nyasini kwa magoti, akipekua miibani. Mkimbiaji wa mwisho wa Mambrui akapokea chake, akapita. Alipokipata, magoti yalikuwa yakivuja damu.

Hakukumbuka vizuri namna alivyokimbia. Alikumbuka kwamba alitamani barabara iwe uso wa Nyaboke. Alimpita yule wa Mambrui kabla ya Tezo. Akamfikia Priscilla kwenye mteremko wa kivukoni, wakashuka bega kwa bega katikati ya watu, na Priscilla akamtangulia kwa kifua tu.

Lori lililobeba wakimbiaji wengine likafika. Nyaboke akateremka, akawaambia wasimamizi, kila mtu akisikia, kwamba Malindi imeshindwa kwa sababu ya nguo na mikono legevu.

"Mwalimu, mimi nilikuwa nimesimama pale," akasema Msellem, aliyekuja na lori hilo hilo. "Ulikirusha."

Nyaboke akamwuliza fundi wa baiskeli anajua nini kuhusu mbio. Mastura akamtazama Easter, ambaye lori lilimchukua Gede likamfuata Nyaboke nyuma, na aliona yote. Easter akainamisha kichwa.

Msellem akamsogelea dada yake, akamwambia kwamba leo ameona kwa macho yake.

"Leo umeona," Mastura akasema. "Siku ya madereva hukutaka kuona, kaka. Ulimwamini yeye."

Priscilla alikuja na kata ya maji, akasubiri anywe, kisha akamwuliza kama mwaka ujao angekubali kukimbia katika timu ya Kilifi. Mastura alimgeukia Nyaboke kwanza.

"Ntakimbia nanyi," akamwambia Priscilla. "Hata ingekuwa kesho."

Nyaboke akamwita msaliti, akasema lorini hamna nafasi yake. Msellem akamwambia apande, asimsikilize. Mastura hakupanda. Aliingia kwenye feri na magoti yake mabichi, akavuka kwenda Mnarani kwa shangazi yao Shekha. Bibi huyo alifungua mlango, akamwuliza nani kamfanya hivi. Mastura akamwamkia shikamoo, akaomba maji ya kuoga.

Alikaa huko mpaka Msellem alipokuja kuomba radhi, na hata siku hiyo alimwacha asimame nje kitambo kabla ya kumkaribisha. Nyaboke hakuomba radhi kamwe. Mwaka uliofuata Kilifi walishinda tena, na aliyewamalizia alikuwa Mastura. Nyaboke alikuwapo kivukoni. Hawakusalimiana.