Bwana Mkia na Jamaa Zake

Kila Jumamosi asubuhi Mama Hadubini alifungua ukumbi wa sayansi, akafuta vumbi mezani, akadondosha tone la maji ya bomba kwenye kioo cha hadubini. Picha ikatokea ukutani: vijidudu vikihangaika huku na huko. Mkuu wa ukumbi alishamwambia kwamba watu hawaji kutishwa, wanakuja kufurahi. Basi akavipa majina. Kile kirefu kikawa Bwana Mkia, kinene kikawa Bi Tumbo, na vile vya mafungu vikawa Mashemeji, maana shemeji haji peke yake. Watoto walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwishoni alisema, "Jamani, chemsheni maji," lakini wakati huo watu walikuwa wanatafuta viatu vyao.

Mvua zilipoanza, bomba la maji taka lilipasuka kando ya lile la maji safi, maji yakachanganyika, na vijidudu vikanenepa. Mama mmoja alifungua maji akamwona Bwana Mkia akidondoka ndooni, mkubwa kama kidole gumba. Akamwita mumewe aje amsalimie. Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa na akina Bwana Mkia. Muuza nguo alimweka Bi Tumbo kwenye gilasi juu ya kaunta, na biashara ikachangamka.

Mama Hadubini hakucheka. Kitindamimba wake alikuwa kitandani, anaharisha, midomo imemkauka. Nyumbani alichemsha kila tone, lakini shuleni nani angemchemshia? Akaenda ofisi ya maji na chupa mkononi, Mashemeji wakigongana ndani.

Fundi mkuu aliinua chupa kwenye mwanga. "Aa, Mashemeji! Wanangu wanawapenda hao. Karibu kiti, dada."

"Kaka, hawa wanatoka kwenye maji taka. Bomba limepasuka."

"Limepasuka, ndiyo. Tunajua."

"Sasa?"

"Sasa tukiliziba watapotea, na watu watatujia juu. Si wewe mwenyewe uliyetujulisha nao?"

Jumamosi ukumbi ulifurika mpaka madirishani. Safari hii hakutia utani. Alisema Bwana Mkia anaua watoto, na kwamba yeye amekosea kumpa jina. Kisha bibi mmoja wa mbele akasema kwa upole, "Usimseme hivyo, mwanangu. Sisi tumeshamzoea." Mkuu wa ukumbi akapiga makofi, wengine wakafuata.

Mama Hadubini alirudi nyumbani mbio. Mtoto alikuwa ameketi kitandani, macho yameingia ndani, kikombe mapajani. Jirani aliyebaki naye alikuwa amemwonea huruma kwa kiu, akampa maji.

"Mama, Bwana Mkia alikuja kunipa pole."

Mama Hadubini akapokea kikombe. Kilikuwa kitupu.

"Yuko wapi?"

Mtoto akajishika tumbo, akatabasamu. Uani, jirani alikuwa amefungua bomba, anamjazia kingine.