Kumfanya Kapita Awe Shefu

Nshombo alifariki Buffalo siku ya Jumanne. Jumatano asubuhi mwanawe Salomon alikuwa mlangoni kwangu Newburg, hapa Louisville, na hata koti hakuvua. Nilijua kilichomleta. Sisi watu wa kilima kimoja katika wilaya ya Walungu kule nyumbani, tuliotawanyika Louisville, Columbus na Buffalo, hatumziki mtu mpaka mwingine asiye wa damu yake asimame kanisani na kusoma ukoo wake: baba nani, babu nani, na kila mmoja alishika kazi gani. Kwa miaka sita msomaji nimekuwa mimi.

"Muzee Bahizire, karatasi nimekuandikia tayari," alisema, akaiweka mezani juu ya kitabu changu cha historia ya Roma.

Nikavaa miwani. Nshombo, mwana wa Zéphyrin, shefu wa groupement kwa miaka kumi na miwili.

"Zéphyrin alikuwa kapita," nikasema.

"Kapita, shefu, bon, zote ni kuongoza batu."

Si zote. Shefu wa groupement anatawala vijiji vingi, na anazaliwa katika nyumba ya utawala. Kapita ni msimamizi wa vibarua, na Zéphyrin alisimamia wabandua magome katika shamba la kwinini la Wazungu. Nilimwona kwa macho yangu nikiwa mtoto.

"Muzee, uchaguzi ni dimanshi," Salomon akasema, safari hii kwa sauti ya chini.

Hapo ndipo palipokuwa na jambo lenyewe. Jumamosi tungezika, na Jumapili, kwa kuwa watu wa miji yote mitatu wangekuwa pamoja, tungemchagua mwenyekiti wa umoja wetu. Salomon alishindana na Clémence, mama anayewaogesha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee huko Columbus. Huyu alipendwa. Ila ukoo wake hakuna aliyeujua, na wazee wetu wanapenda kujua kiti kinakwenda kwa mjukuu wa nani.

"Nitafikiri," nikamjibu.

"Fikiria kwenye gari. Kesho saa kumi na mbili asubuhi ninakupitia."

Sikupata utulivu siku hiyo. Nilikaa, nikasimama, nikaenda dirishani. Msomaji hukubaliwa kwa sababu ya ukoo wake mwenyewe, na mimi najulikana katika miji mitatu kuwa mwana wa sekretere wa sheferi, yaani mwandishi wa ofisi ya utawala wa chifu. Nilitamka hivyo siku ya kwanza nilipofika Louisville, wakati kila mtu alipoulizwa ametoka nyumba gani. Baba yangu alikuwa plantoni. Alisimama mlangoni kwa administrateri, akafungua, akafunga, akapeleka barua. Nilipotaja usekretere watu waliinamisha vichwa kwa heshima, na neno likishatoka mbele ya wazee halirudishwi kirahisi. Nikalibeba.

Alfajiri tukaondoka. Salomon anaendesha gari kama anavyoendesha forklifti kule ghalani anakofanya kazi, kwa mikono miwili na bila kusema. Baada ya Cincinnati nikaanza kuzungumza mimi, maana kimya kilinichosha. Nikamweleza niliyojifunza katika masomo ya jioni: kwamba mtu wa nyumba kubwa ya Roma alipokufa, walitolewa kabatini mababu zake, yaani nyuso zao zilizotengenezwa kwa nta, nazo zikavaliwa na watu waliofanana nao kimo. Kila mmoja alivaa joho la cheo kikubwa alichofikia babu yule. Aliyekuwa konsuli, yaani mtawala mkuu wa mwaka, alitembea kama konsuli. Mji mzima ukatazama ukoo ukipita barabarani, na mwana wa marehemu akapanda jukwaani akasoma vyeo vyao. Miaka michache baadaye mwana huyo naye akagombea cheo.

"Na asiye na mababu kabatini?"

"Huyo walimwita mtu mpya. Alipata shida sana."

"Clémence," akasema, akacheka kwa mara ya kwanza. "Na hao Baroma, hawakuongezaga?"

Nilipaswa kunyamaza. Lakini nimesoma nikiwa na umri wa miaka sitini na tano, na nikiulizwa swali ambalo jibu lake ninalo, ulimi haunitii.

"Waliongeza," nikasema. "Waandishi wao wenyewe walilalamika. Familia ziliandika ukonsuli ambao haukuwapo, mpaka historia ya mji ikachafuka."

"Donc si mimi wa kwanza." Akapiga usukani kwa kiganja. "Ongeza, muzee!"

Columbus tulimpitia Nzigire, dada mkubwa wa marehemu mama yake Salomon, anayeishi Linden katika nyumba ndogo ya kupanga. Ana miaka sabini na minane na alizaliwa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Miaka yote tangu nifike Louisville nimekuwa nikimsalimia vizuri na kuondoka mapema. Safari hii tulikuwa na saa tano za kukaa naye.

Alipanda na blanketi, chupa ya chai na maneno yake.

"Baba Kostansia, umenenepa," akaniambia, akiniita kwa jina la binti yangu.

"Ni koti, mama."

"Koti ina tumbo?"

Salomon alimwambia habari ya karatasi. Nzigire alimsikiliza mpaka mwisho, akiwa amefumba macho, nikadhani amelala.

"Zéphyrin shefu," akasema hatimaye. "Shefu wa nini? Wa fimbo?"

"Mama mukubwa, ni kwa ajili ya heshima ya papa."

"Papa yako alikuwa mutu muzuri. Anaheshimika bila hiyo." Akageuka kwangu. "Na huyu ndiye atasoma? Bahizire, baba yako alikuwa na ile kofia nyekundu, unakumbuka? Tulikuwa tunamwita Bwana Fungua. Tulikuwa tunapita tunamwigiza: bonjour, bonjour, fungua, funga!" Akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye blanketi.

Hakuwa na ubaya. Alikuwa anakumbuka tu. Lakini niliona macho ya Salomon katika kioo cha kutazamia nyuma.

Alingoja tufike kituo cha mapumziko karibu na Erie, na Nzigire aingie msalani. Theluji ilikuwa inapigwa na upepo toka ziwani. Salomon alisimama karibu nami kabisa.

"Plantoni," akasema.

Nikafunga vifungo vya koti.

"Muzee, mimi sina shida. Sekretere ni sekretere. Wewe unasoma yangu vizuri, mimi ninaheshimu yako. Tunasaidiana."

"Unanitisha?"

"Ninakuomba, papa."

Na kweli aliomba. Alinishika kiwiko kwa mikono yote miwili.

Buffalo tulilala West Side kwa dada yake Salomon, Chimène, katika nyumba ya mbao ambayo kila ngazi ina mlio wake. Ijumaa nzima nilizunguka mtaa ule. Nilipanda basi la mji mpaka mwisho wa njia, nikarudi nalo. Nilijiambia kwamba nikikataa kusoma, atasoma mtu mwingine na uongo utapita vilevile, na nikisoma nitabaki mwana wa sekretere mpaka kaburini, halafu mtu kama mimi atasimama asome hivyo juu ya jeneza langu. Niliwaza nyuso zile za nta. Nikajiuliza baba yangu angevishwa nini. Kofia nyekundu. Nikaona haya kwamba niliona haya.

Jumamosi kanisa lilijaa. Nilipoitwa, nilikunjua karatasi ya Salomon, nikaikunja tena.

"Nshombo, mwana wa Zéphyrin," nikasema. "Zéphyrin alikuwa kapita wa shamba la kwinini kwa miaka kumi na tisa. Hakuwa shefu. Kuna waliokwishasikia habari nyingine, na ninaisahihisha. Aliwaamsha watu, aliita majina, aliwahesabu jioni, na mwaka wa njaa aliomba mahindi kwa Mzungu akayapata."

Watu walianza kugeukiana. Salomon, katika benchi la mbele, alinyanyuka nusu. Nilijua atakachosema, nikamtangulia.

"Na anayewasomea ni Bahizire, mwana wa plantoni. Baba yangu hakuwa sekretere. Alifungua mlango kwa miaka thelathini na mmoja. Mimi ndiye niliyeongeza."

Mzee mmoja nyuma akasema, "Ah!" Nzigire alijifunika mdomo kwa kitambaa chake. Nikamaliza kusoma, na sauti yangu ilikuwa mbaya.

Kesho yake Clémence alipata kura sitini na moja, Salomon arobaini na nne. Mwisho wa mkutano katibu alitangaza kwamba shughuli ya usomaji wa koo itajadiliwa. Wote walielewa kwamba atatafutwa msomaji mwingine, mimi wa kwanza. Clémence alinipa mkono mlangoni kama anavyompa kila mtu, akaendelea na wengine.

Jumatatu tukarudi kwa gari lilelile, maana sikuwa na namna nyingine ya kufika Louisville. Linden tulimshusha Nzigire, na nikalazimika kuhamia kiti cha mbele.

Saa nzima ilipita. Nilikuwa nahesabu mabango.

"Ulisema mahindi," Salomon akasema ghafla, akitazama barabara.

"Ndiyo."

"Hiyo ni kweli?"

"Ni kweli."

"Mama mukubwa alisema fimbo. Kanisani haukusema fimbo."

Nilikuwa nimetembea tangu Jumamosi kama mtu aliyesema kweli yote.

"Sikusema," nikakubali.

"Babu alikuwa nayo?"

"Alikuwa nayo."

"Alipigaga nani?"

"Salomon, unaendesha."

"Ninaendesha vizuri. Banani? Ulikuwa pale, uliona. Niambie majina yao."

Alipunguza mwendo, akahamia njia ya kulia nyuma ya lori, kama mtu mwenye muda. Nikavua miwani, nikaanza kumtajia, mmoja mmoja, kila mmoja na baba yake.