Acha Wazi, Itakuja

Hakuna mtu aliyehubiri habari za kugawana mafaili kwa mdomo mpana kama Shemeji. Kwenye kundi la familia la simu alikuwa amejipa cheo cha Msimamizi, na asubuhi, kabla watu hawajapiga mswaki, karipio limeshaingia: "Nani tena kazima kompyuta? Ukichukua, toa! Acheni uchoyo!" Chini yake anabandika picha ya ngumi, kama kwamba anaongoza mapinduzi, kumbe anaongoza mashangazi na binamu wanaosahau nywila zao.

Walichokuwa wakigawana ni video za marehemu baba mkwe wake. Mzee alikuwa fundi wa cherehani, na mwaka wake wa mwisho alijirekodi akifungua mashine moja baada ya nyingine na kuzirudisha, huku akieleza polepole. Video zilikuwa nzito na bando za watu zilikuwa nyepesi, kwa hiyo familia ikaweka ile programu inayokata faili vipande vipande. Mwenye kipande hiki anampa yule, yule anampa mwingine, mradi kila mtu aache kompyuta yake wazi. Kisha kompyuta ya mzee ikaungua. Video ya mwisho, ya mashine ya ovaloki, ile inayozungushia uzi kingo za nguo, ikakwama kwa kila mtu pale pale, imebaki kidogo tu ikamilike, na haifunguki. Kila mtu isipokuwa Shemeji, ambaye laini yake ilikuwa na kasi kuliko ukoo mzima na alikuwa ameshaimaliza.

Aliyeumia ni Kitinda, mtoto wa mwisho wa mzee, aliyebaki na karakana. Cherehani za kawaida alizimudu. Ovaloki baba hakuwahi kumfikisha. Na sasa ovaloki ya Mama Sare, yule mshonaji wa nguo za shule, ilikuwa mezani kwake, inaruka mishono.

"Mwanangu, mimi nilimheshimu baba yako," Mama Sare alisema, mkoba tayari begani. "Lakini shule zinafunguliwa. Ikifika Jumatatu haijapona, naipeleka kwa fundi mwingine. Na nikienda, wenzangu wote watanifuata, unawajua."

Kitinda aliwajua. Bila wale washonaji, karakana ingebaki stoo ya vyuma.

Alimpigia Shemeji. "Acha wazi, itakuja," Shemeji akajibu. Kesho yake akapiga tena. "Acha wazi, shemeji yangu, mbona una haraka kama chai ya ofisini? Itakuja." Haikuja. Jumamosi, Kitinda akafunga karakana, akaenda nyumbani kwa dada yake.

Shemeji alikuwa sebuleni, kajitandaza kwenye kochi, anaangalia mpira kwenye televisheni na mpira mwingine kwenye kompyuta. "Karibu, karibu! Unaona? Mashine yangu haizimwi. Mimi natoa kwa mfano."

Kitinda aliketi mbele ya kompyuta, akaangalia ile programu pembeni mwa skrini. Mshale wa kushuka, wa kupokea, ulikuwa unakimbia kama umefukuzwa na mbwa. Mshale wa kupanda, wa kutoa, ulikuwa kwenye sifuri. Akasubiri goli, akasubiri marudio ya goli. Sifuri.

"Shemeji, hapa umezuia kutoa."

"Nani? Mimi?" Akasogea, akakodoa macho. "Aa, hiyo... unajua nikiachia, mpira unakatakata. Ni kwa muda tu."

"Tangu lini?" Dada aliuliza kutoka jikoni.

"Wewe pika!"

Akafungua kizuizi kwa madaha, kama anayekata utepe. Programu ikakagua faili, ikafikiri, kisha ikaweka alama nyekundu: faili hili si lile, vipande havifanani. Hakuna hata kimoja kilichoondoka.

"Programu mbovu," Shemeji akatangaza.

"Mbovu ni nani?" Dada akatokea mlangoni na mwiko. "Si uliipamba mwenyewe? Mwambie ulivyoipamba!"

Kumbe Msimamizi alikuwa ameitia video ya mzee mapambo, akahifadhi juu ya ile ya asili. Mwanzoni akaweka uso wake, kavaa miwani ya jua ndani ya nyumba, anasema, "Imeletwa kwenu nami." Kote akamwagia muziki. Na chini, pale pale mikono ya mzee ilipokuwa, akapitisha jina lake kwa herufi nene za njano zinazotembea.

"Watu wajue imetoka kwa nani," alisema, na sauti yake haikuwa na aibu hata ya kukopa.

Kitinda alimtazama, kisha akaitazama skrini. Kati ya mwisho wa jina na mwanzo wake tena palikuwa na upenyo. Katika upenyo huo mikono ya baba ilionekana, inalegeza skrubu, kisha njano inaifunika. Akarudisha nyuma, akasogeza mbele. Upenyo huu ukampa kidole gumba, ule ukampa bisibisi, mwingine ukampa ile mikono miwili ya chuma inayopokezana uzi chini ya sindano, na mahali inapopaswa kukutana. Sikio akalibana kwenye spika mpaka sauti ya mzee ikapenya muziki: "Usikaze mpaka umeizungusha kwa mkono."

Mpira ukaisha, wali ukaiva, ukapoa. Kitinda hakuinuka mpaka alipoiona kazi yote.

Jumatatu Mama Sare alipitisha kitambaa kwenye ovaloki, akavuta mshono kwa nguvu zote, akauvuta tena. "Haya," akasema, na akamwachia pia ovaloki ya jirani yake.

Hiyo ya jirani Kitinda aliitengeneza huku simu imeegemezwa kwenye kopo la mafuta, inarekodi mikono yake. Video akaiweka kwenye mtandao wa familia, bila muziki, bila jina. Binamu wakaipata, mashangazi wakaipata, kila mmoja akimpa mwenzake. Programu ile ina tabia moja ambayo Msimamizi hakuwahi kuisoma: asiyetoa huhudumiwa mwisho.

Jioni Shemeji, aliyekuwa amesharudisha kizuizi chake, akaandika kwenye kundi: "Jamani, mbona yangu imekwama?"

Mashangazi, waliokuwa hawaandiki kitu mwaka mzima, wakaanza kuandika wote kwa pamoja. Kitinda akawatangulia.

"Acha wazi, Shemeji. Itakuja."