Vidato vya Mnong'ono

Inamahoro alivaa hedifoni kwa mikono miwili, akafumba macho amsikilize baba yake, aliyezikwa kwenye kambi ya wakimbizi wiki mbili zilizopita. Dismasi aligeukia dirishani. Alijua kinachokuja: mchakacho kama wa mvua juu ya bati la chumba chake cha kurekodia pale mtaani Gungu, na chini yake mabaki ya sauti ya mtu.

"Kaka, mbona Data, baba yangu, simsikii?"

"Siku ile kulikuwa na upepo wa ziwa."

Uongo ulimtoka upesi.

Siku hiyo ya kurekodi baba huyo, Mzee Ntakarutimana, alikuwa ameipakata inanga yake, akipapasa nyuzi na kuimba kwa kunong'ona, kama wazee wa Burundi waimbavyo. Kabla ya kuanza aliuliza kama mashine ingemsikia. Dismasi akacheka, akamwambia, "Mzee, hii inasikia hata nyayo za sisimizi."

Ilikuwa kweli, kwa biti kumi na sita. Lakini kompyuta ilikuwa karibu kujaa, na kesho yake kwaya ilikuwa inakuja, basi akashusha hadi nane bila kumwambia mtu. Biti ndizo huamua idadi ya vidato vya kupimia sauti: kumi na sita hutoa zaidi ya elfu sitini na tano; nane, mia mbili hamsini na sita tu. Mwenye kupaza sauti hapungukiwi pa kukanyaga. Anayenong'ona hutumbukia kati ya kidato na kidato. Dismasi aliyajua hayo yote. Baadaye alipoongeza sauti, mchakacho nao uliongezeka.

Inamahoro alivua hedifoni. "Siku ile nilikaa hapo mlangoni, Kaka. Upepo haukuwepo."

Dismasi alitamani ardhi ipasuke immeze. "Nilimpunguza ili nipate nafasi," alisema. "Niliona ni mnong'ono tu."

Inamahoro hakumlaumu, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Inanga sijui kupiga," alisema. "Ila ubeti mmoja naukumbuka."

Dismasi alifuta nyimbo za arusi yake mwenyewe, akarudisha biti kumi na sita, akamsogezea kinasa sauti hadi karibu na midomo. Inamahoro alifungua kinywa. Sauti ikakataa. Kwenye kioo cha kompyuta mstari mwembamba ukaanza kupanda na kushuka: mashine ilikuwa inasikia anavyopumua.

Dismasi hakuizima.