Gitaa ni la Ukoo

Deogratias, mpwa wa mume wangu, alitujia Kihonda kutoka Dar es Salaam akiwa na kadi za biashara mfukoni. Kampuni yenyewe ilikuwa haijapata ofisi, lakini kadi zilikuwa na maandishi ya rangi ya dhahabu. Alituamkia vizuri, akala ugali wangu, akaongezwa, ndipo akasema kwamba umefika wakati mjomba astaafu na gitaa lihamie kwake.

Miaka ile kila kitu kilikuwa kinabinafsishwa. Kiwanda alichofanyia kazi Agustino wangu kiliuzwa, mashine zikang'olewa, bendi ya wafanyakazi, alimokuwa mpiga gitaa, ikafa bila hata matanga. Lakini sikujua kwamba mjomba naye anaweza kupunguzwa kazini na mpwa wake, tena akiwa ameketi kwenye kochi lake mwenyewe.

Sasa ningesemaje? Sisi ni Waluguru. Mali ya mwanamume huenda kwa watoto wa dada yake. Aliowazaa mwenyewe ni wa ukoo wa mama yao, yaani ukoo wangu. Gitaa lile la umeme Agustino alipewa na mjomba wake. Alilipokea kwa mila, atalitoa kwa mila. Hakubisha, aliomba tu aachiwe mpaka Jumapili. Deo akakubali, akasema mwekezaji hana papara, ila kuna hoteli Dar inatafuta gitaa la zamani la kutundika ukutani, pale mapokezi.

Kutundika ukutani! Nilitoka nje nikamfokea kuku asiye na kosa.

Wanangu watatu hawakuwa na haki hata ya uzi mmoja wa gitaa lile. Nami nilitaka jambo moja tu, baba yao asije akaondoka duniani bila kuwaachia chochote kilichotoka mikononi mwake. Nikamwambia Raphael, kifungua mimba wangu, ambaye alikuwa anafanya kazi kwenye duka la intaneti mjini na chumbani kwake alikuwa na kompyuta ya mtumba: "Mrekodi baba yako kabla huyo hajarudi."

Raphael akaja na programu ya kurekodia. Nikamuuliza kaiiba wapi.

"Haijaibwa, mama. Ni programu huria. Walioitengeneza wanaigawa bure. Unanakili, unampa mwenzako, na ukiwa fundi unaifungua na kuibadilisha, hakuna wa kukukamata."

"Huria kama soko huria?"

"Hapana. Hii ni huria kweli."

Soko huria nililolijua mimi halikuwa na cha bure hata maji ya kunawa.

Waya wa gitaa ukachomekwa nyuma ya kompyuta. Mwanzoni tulisikia mvumo mtupu, kama nyuki ndani ya debe. Kumbe kile kioo cha kompyuta kilikuwa kinalisumbua gitaa, ikabidi Agustino asogee mpaka mlangoni na kukipa mgongo kama watu waliogombana. Akapiga nyimbo zote alizopiga na bendi, moja baada ya nyingine, mpaka jasho likamtoka, na kwenye kioo vikachoreka vilima vidogo vya buluu. Na kwa kuwa sauti ilipita kwenye waya tu, kelele zangu na za kuku hazikuingia hata kidogo. Katika ndoa yangu yote sijawahi kunyamazishwa kwa ustaarabu namna ile.

Jumapili baada ya misa, Deo alirudi na mama yake. Huyo ni wifi yangu Yuliana, msemaji wa ukoo wao, aliyetoka Mkuyuni na mkungu wa ndizi. Deo aliposikia kwamba kuna rekodi, macho yalimtoka.

"Anti, sauti hiyo imetoka kwenye gitaa la ukoo. Nayo ni mali. Nikabidhiwe, na humo kwenye kompyuta ifutwe."

"Kuku akiwa wa ukoo, mayai nayo ni ya ukoo," akasema Yuliana.

Raphael alifungua mdomo aanze hotuba ya haki, nikamkanyaga mguu.

"Sawa, mwanangu," nikamwambia Deo. "Chukua. Ila usije ukatulaumu. Imerekodiwa kwa programu ya bure."

"Ya bure?"

"Hatukutoa hata senti."

"Si studio?"

"Chumbani. Mteja wako wa hoteli akiuliza, mwambie kitanda kilikuwa pale pembeni."

"Na programu yenyewe ni ya nani?"

"Ya kila mtu, kaka," akajibu Raphael, na alisema kweli tupu.

Deo akakunja uso kana kwamba amenusa dagaa waliooza. Akamweleza mama yake kwamba kitu kisicho na bei si mtaji, na kitaichafulia kampuni jina. Yuliana akatafakari, kisha akatoa hukumu. "Ukoo haurithi vya bure. Hewa ni ya bure, nani aliyewahi kuirithi? Waachieni watoto takataka zao."

Gitaa likafungwa kwa kitenge changu, na kitenge hicho hakijarudi mpaka leo.

Walipoondoka, Agustino alikaa huku vidole vikigonga goti. Nilimwonea uchungu sana. Baadaye akainuka, akaingia chumbani kwa Raphael. "Nifundishe hiyo ya kunakili," akasema.

Akafundishwa. Kila sidii iliyotoka aliiandika jina kwa kalamu nene, polepole: Raphael, Irene, Upendo. Mluguru mzima, aliyelelewa kwa mjomba wake, anagawa urithi kwa watoto wa tumbo langu, na hakuna aliyepungukiwa! Nilishika mwimo wa mlango nikamtazama.

Kisha akachukua sidii nyingine, akaandika Deogratias.

"Huyo naye?" nikapaza sauti. "Si ameshachukua gitaa?"

"Gitaa nimempa kwa kuwa ni mpwa wangu," akasema. "Hii nampa kwa kuwa hajui kupiga."